Deni Lililoandikwa Siku ya Furaha



Liko swali moja ambalo vijana wetu wanaokaribia kufunga ndoa hutuuliza, wengine kwa sauti, wengine kwa kunyamaza tu. Swali lenyewe ni hili: Ikiwa mume na mke wapendana kweli, hati ni ya nini? Kwa nini waitwe mbele ya mashahidi, watie majina yao katika kitabu, waahidi matunzo na mali, kana kwamba wauziana shamba? Wasema kwamba palipo na upendo hapana haja ya kalamu, na palipoletwa kalamu, upendo umekwisha kutiwa shaka. Neno hili lina sura ya kweli, na kwa sababu hiyo halifai kujibiwa kwa haraka.

Leo twataka kulitazama kwa msaada wa watu waliolifikiri kwa miaka mingi kuliko sisi, ndio Wayahudi. Arusi yao ina mambo mengi mazuri, nasi tutayapitia kwa utaratibu. Lakini katikati ya arusi hiyo pana jambo moja la ajabu. Baada ya kikombe cha kwanza cha divai, na kabla ya kikombe cha pili, nyimbo husimamishwa. Mtu mmoja hukunjua karatasi, akasoma kwa sauti kuu deni ambalo bibi arusi atalipwa siku mumewe akimwacha, au siku mumewe akifa. Yasomwa hayo mbele ya wazazi na wageni, wakati bibi arusi angali amesimama na shela yake. Twauliza basi: Je, jambo hili ni aibu ya upendo, ama ni heshima yake?

I. Arusi yenyewe

Hapo kale ndoa ya Kiyahudi ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza huitwa kidushini, jina lenye asili moja na neno la Kiebrania la utakatifu. Maana yake mwanamke ametengwa awe wa mume huyu peke yake. Akiisha kutengwa hivyo, amekuwa mke wa mtu, ingawa angali nyumbani kwa baba yake, wala hawezi kuachwa ila kwa talaka. Ndiyo sababu Mathayo, katika sura ya kwanza, asimulia kwamba Yusufu alikusudia kumwacha Mariamu kwa siri, na huku hawajakaribiana. Wasomaji wetu wengi hushangaa: Mchumba aachwaje? Jibu ni kwamba posa yao haikuwa kama posa yetu.

Hatua ya pili ni kuchukuliwa, yaani bibi arusi aletwa nyumbani kwa mumewe. Mishna, ule mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi uliotengenezwa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, yaagiza kwamba mwanamwali apewe miezi 12 ya kujitayarisha, na mjane siku 30. Wale wanawali kumi wa Mathayo 25, waliongojea na taa zao, walikuwa wakiingojea saa hii ya pili. Baadaye, karibu na karne ya 12, hatua zote mbili ziliunganishwa katika siku moja, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Katikati yao, pale palipokuwapo miezi kumi na miwili, sasa pasomwa ile karatasi.

Si Wayahudi wote wafanyao namna moja, maana wametawanyika katika nchi nyingi. Kwa desturi ya wale wa Ulaya ya kati na ya mashariki, bwana arusi kwanza humwendea bibi arusi, akamtazama uso, ndipo amfunike shela kwa mkono wake. Wengi hukumbuka hapo jinsi Yakobo alivyopewa Lea gizani badala ya Raheli. Tena walimu wao wafundisha kwamba mwanamke haozwi pasipo kukubali mwenyewe. Nao humtaja Rebeka, ambaye jamaa zake walimwita na kumwuliza kama ataka kwenda, naye akajibu kwa kinywa chake.

Kisha wote wawili husimama chini ya huppa. Huppa ni kitambaa kilichotandazwa juu ya miti minne, pasipo kuta. Mara nyingi huwekwa nje, chini ya mbingu, kwa kumkumbuka Ibrahimu aliyeonyeshwa nyota na kuahidiwa wazao. Ni mfano wa nyumba mpya. Ndani yake hamna kitanda wala chungu wala kiti. Wamo watu wawili tu.

Hapo bwana arusi humvika bibi arusi pete katika kidole cha shahada cha mkono wa kuume, akitamka ya kwamba ametengwa kwake kwa sheria ya Musa na ya Israeli. Kwa desturi pete hiyo haina kito. Yatakiwa iwe mali yake mwenyewe, si ya kuazima, tena iwe kitu ambacho mtu yeyote aweza kukikadiria, bibi arusi asije akadanganywa na jiwe linalong'aa. Wala si lazima iwe na thamani kubwa. Sheria yao yaridhika hata na peruta moja, sarafu iliyokuwa ndogo kuliko zote. Twaomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia: kitu anachopewa mwanamke siku ile chaweza kuwa kidogo kabisa, bali kinachoandikwa kuwa deni lake ni kikubwa.

Baada ya pete husomwa karatasi. Baada ya karatasi hutamkwa baraka saba juu ya kikombe cha pili, mbele ya wanaume kumi walio watu wazima, na mwisho bwana arusi huvunja bilauri kwa mguu wake. Karamu zaendelea siku saba, kama zilivyokuwa zamani za Labani na zamani za Samsoni. Lakini sisi turudi kwenye karatasi.

II. Ketuba na maneno yake

Karatasi hiyo huitwa ketuba, maana yake maandiko. Imeandikwa kwa Kiaramu, lugha waliyoisema watu wa kawaida katika siku za Bwana Yesu. Kabla ya kusomwa, bwana arusi hushika leso mbele ya mashahidi wawili, kuwa ishara kwamba amejitwika yaliyoandikwa, kama vile katika kitabu cha Ruthu mtu alivyovua kiatu ili kulithibitisha neno. Kisha mashahidi hutia sahihi. Ikiisha kusomwa, yakabidhiwa kwa bibi arusi, naye ndiye aitunzaye.

Ili tuielewe, yatupasa kuanza mbali kidogo. Katika Agano la Kale, mwanamume alimtolea mali baba wa msichana. Mali hiyo kwa Kiebrania huitwa mohari, nalo neno hilo laonekana mara tatu tu: katika Mwanzo 34, habari za Shekemu, katika Kutoka 22, na katika Samweli wa kwanza 18, hapo Sauli alipomtega Daudi. Sikio la msomaji wetu limekwisha kusikia kwamba mohari ni ndugu wa neno letu mahari. Nasi neno letu tumelipata kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja.

Talmudi yasimulia jinsi mali hii ilivyobadilika kuwa deni la mume. Kwanza fedha ya mwanamke iliwekwa tayari nyumbani kwa baba yake. Ikawaje? Kila mume alipokasirika, humwambia mkewe aende zake kwenye fedha yake. Basi wakaagiza iwekwe nyumbani kwa baba mkwe. Wenye mali wakaigeuza kuwa vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini wakaifanya chombo cha haja ndogo. Lakini mambo yakawa yale yale: mume akikasirika, humwambia achukue chombo chake atoke. Ndipo akaja mwalimu Shimon ben Shetach, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, siku za mfalme Aleksanda Yanai na malkia Salome. Yeye aliagiza kwamba fedha isitengwe mahali popote, bali ikae katika kazi ya mume, naye aandike kwamba mali yake yote ni rehani kwa ajili ya ketuba ya mkewe.

Tuitafakari hekima ya mzee huyu. Hakuongeza fedha hata senti moja. Alihamisha tu mahali pake. Fedha iliyokwisha kutengwa yarahisisha hasira, maana mume hana tena la kupoteza. Atupa neno moja tu, na mke ameondoka. Bali fedha iliyo katika shamba lake, katika mifugo yake na katika duka lake, yamlazimu ahesabu kwanza. Na mtu aliyeketi kuhesabu, hasira yake hupata muda wa kupoa. Walimu wenyewe walieleza sababu waziwazi: isiwe jambo jepesi machoni pake kumwacha mkewe.

Deni lenyewe ni kiasi gani? Kwa mwanamwali zuzi 200, na kwa mjane 100. Naye atakaye kuongeza aweza kuongeza apendavyo. Zuzi ni sawa na dinari, nayo dinari ndiyo ujira wa siku moja katika mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu. Basi 200 ni kazi ya siku mia mbili. Tena liko neno jingine katika Mishna, mahali pasemapo habari za maskini. Sheria yasema mtu aliye na zuzi 200 asiokote masazo ya mavuno yaliyoachiwa maskini. Hesabu hii na ile ni moja. Maana yake, mwanamke aliyefukuzwa au kufiwa asianze siku ya pili kuinama katika mashamba ya watu. Ruthu Mmoabi aliinama. Ketuba yataka asiwepo Ruthu mwingine.

Pamoja na fedha hiyo kuna wajibu mwingine wa mume. Chakula na mavazi na haki ya ndoa vyatoka katika Kutoka 21. Mke akiugua, amponye. Akichukuliwa mateka, amkomboe. Akifa, amzike kwa heshima; na mwalimu Yehuda alifundisha kwamba hata maskini wa mwisho katika Israeli asikose kumwekea mkewe wapiga filimbi wawili na mwanamke mmoja wa kuomboleza. Na mume akitangulia kufa, mjane akae nyumbani mwake na kulishwa katika mali yake. Watu wa Yerusalemu na wa Galilaya waliandika kwamba atakaa siku zote za ujane wake. Watu wa Uyahudi waliandika kwamba atakaa mpaka warithi watakapotaka kumlipa.

Na mume asipoandika? Waamuzi walisema deni liko pale pale, maana ni agizo la baraza, si hisani ya mtu. Tena karatasi ikipotea au kuungua, mume na mke hawapaswi kukaa pamoja pasipo kuandika nyingine.

III. Deni hili lilifanya kazi

Mtu aweza kusema kwamba haya ni maneno ya vitabu tu. Basi tutaje watu.

Mishna yamtaja mtu mmoja aliyeweka nadhiri ya kutopata faida yoyote kwa mkewe, yaani kwa hasira alijifungia mlango wake mwenyewe. Ketuba ya mkewe ilikuwa dinari 400. Akaletwa mbele ya mwalimu Akiva, naye Akiva akamhukumu alipe. Yule mtu akajitetea: baba yake aliacha dinari 800 tu, ndugu yake alichukua 400, naye 400, je, haitoshi mke apewe 200 na yeye abaki na 200? Akiva akamjibu kwamba hata ikimbidi auze nywele za kichwa chake, atalipa yote. Ndipo yule mtu akakiri kwamba kama angalijua hayo, asingaliweka nadhiri kamwe. Akiva akaishika kauli hiyo, akamfungua nadhiri yake. Yule mtu akarudi kwa mkewe. Deni halikulipwa hata dinari moja, na kazi yake ilikuwa imekwisha kutendeka.

Tena ardhi yenyewe imetoa ushuhuda. Katika kisiwa cha Elephantine, ndani ya mto Nile huko Misri, walikaa askari wa Kiyahudi katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Hati zao za ndoa zimeonekana, zimeandikwa kwa Kiaramu juu ya mafunjo, nazo zahesabu vitu vya bibi arusi kimoja kimoja: nguo, kioo cha shaba, bakuli, vikombe. Kitabu cha Tobiti, ambacho Luther alikiweka katika vitabu vya Apokrifa, nacho chasimulia jinsi Ragueli alivyoleta karatasi na kuandika hati alipomwoza binti yake.

Na mwaka 1961, katika pango moja karibu na Bahari ya Chumvi, wachimbaji walipata mfuko wenye hati za mwanamke aitwaye Babatha. Alikuwa mwenyeji wa Maoza, kusini ya bahari ile, akafiwa na waume wawili. Ketuba aliyoandikiwa na mume wa pili imo katika hati hizo, nayo yasema dinari 400. Mume huyo alipokufa, Babatha aliyashika mashamba yake ya mitende kwa ajili ya ketuba na deni jingine, na mwaka 130 akauza mavuno yake mbele ya mashahidi. Vita vya mwaka 132 hata 135 vilipokuja, hati zake zilifichwa pangoni, zikakaa humo zaidi ya miaka 1800. Hati hizo zatuonyesha mjane wa kweli, mwenye mali na mashauri ya mahakamani, ambaye mkononi mwake mlikuwamo karatasi.

IV. Mashaka matatu

Sasa tulirudie swali la vijana wetu. Mashaka yao ni matatu.

La kwanza: Hati yaugeuza upendo kuwa biashara. Tujibu kwa kuitazama pete na ketuba pamoja. Katika biashara, bei hulipwa ili mtu apate kitu. Lakini pale chini ya huppa, atoacho mume ili ampate mke chaweza kuwa peruta tu. Hakuna mtu awezaye kusema kwamba amemnunua. Deni kubwa limewekwa upande wa pili, siku ya kumwacha. Ni mnunuzi gani alipaye siku ya kupoteza? Basi ketuba si bei ya mwanamke. Ni bei ya uovu wa mume, nayo imepandishwa ili asiweze kuinunua kwa urahisi.

La pili: Hati yaonyesha kwamba hatuaminiani. Twakubali kwamba iko shaka ndani yake. Lakini tuulize, ni nani atiliwaye shaka? Si bwana arusi wa leo, ambaye uso wake wang'aa. Atiliwaye shaka ni mtu yule yule baada ya miaka kumi, siku ya ukame, siku ya ulevi, siku mke amekuwa mgonjwa na uzuri umekwisha. Na ni nani afaaye kumhukumu mtu yule kuliko bwana arusi wa leo, angali na akili zake na moyo wake? Yeye ajifunga mwenyewe. Kama kweli hakusudii kumwacha mkewe, kuandika kwamtoa nini? Naye akataaye kuandika kwa kuwa upendo wake ni safi mno, twaogopa kwamba amejiachia mlango wa nyuma bila kujua.

Tena hata mume mwema kabisa atakufa. Wema wake utalala kaburini pamoja naye, na mezani watakaa ndugu zake. Mjane atasema: Mume wangu alinipenda. Nao watajibu: Hatukatai, lakini shamba hili ni la ukoo. Hapo upendo usioandikwa hauna shahidi. Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa msalabani, hakuliacha jambo la mama yake lijulikane lenyewe. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, kwa maneno wazi, na watu wakisikia. Na waraka kwa Waebrania, sura ya sita, wafundisha kwamba Mungu, asiyeweza kusema uongo, alitia kiapo juu ya ahadi yake, kwa ajili yetu tulio wadhaifu wa kuamini. Ikiwa yeye asiyebadilika alikubali kujifunga, mwanadamu atasemaje kwamba upendo wake ni mkubwa kiasi cha kutofungwa?

La tatu: Hati haiwezi kuzaa upendo. Hili ni kweli kabisa, wala hatutaki kulipunguza. Wayahudi nao walijua. Zile baraka saba hazitaji fedha hata mara moja, bali zamsifu Mungu aliyemwumba mwanadamu, na kuwaombea wawili furaha kama ile ya Edeni. Tena historia yao yenyewe yaonyesha ukomo wa maandiko. Kwa sheria yao talaka hutolewa na mume. Kwa hiyo mume mbaya aweza kukataa kuitoa, na mume aliyepotea vitani aweza kumwacha mke asiyejua kama ni mke au mjane. Mwanamke wa namna hii huitwa aguna, yaani aliyefungwa, na machozi yake yamewasumbua walimu wao kwa karne nyingi. Karibu na mwaka 1000, mwalimu Gershom wa mji wa Mainz huko Ujerumani alijulikana kwa agizo kwamba mke asiachwe pasipo ridhaa yake. Na mwaka 1995 nchi ya Israeli ilitunga sheria ya kuwabana waume wanaokataa kutoa talaka waliyoamriwa. Lakini hata leo wako wanawake waliofungwa hivyo. Karatasi hulinda pale ambapo waamuzi na jamaa wana moyo wa kuilinda.

Basi twasema hivi: huppa haina kuta, na ketuba ndiyo ukuta wake wa kwanza. Ukuta wazuia upepo na fisi, lakini haupashi nyumba joto. Moto wa jikoni ni kazi nyingine. Asiseme mtu kwamba kwa kuwa ana moto, ukuta si kitu. Wala asiseme kwamba kwa kuwa amejenga ukuta, hana haja ya kuwasha moto.

V. Bilauri iliyovunjwa

Neno moja juu ya bilauri, maana lafuatana na hili. Talmudi yasimulia kwamba mwalimu mmoja alimfanyia mwanawe arusi, akaona wageni wamezidi kushangilia. Akaleta kikombe cha thamani, cha zuzi 400, akakivunja mbele yao, nao wakatulia. Baadaye desturi hii ilitiwa maana ya kukumbuka hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Na Zaburi 137, ambayo mwimbaji wake aapa kutousahau mji ule hata katika furaha yake kuu, hukumbukwa hapo.

Bilauri na ketuba zafundisha jambo moja kwa njia mbili. Furaha isiyoweza kuvumilia kusikia habari za msiba ni furaha ya kitoto. Wale wawili waambiwa siku ile ile kwamba hekalu lilianguka, na kwamba mume aweza kuanguka au kufa. Wakiisha kusikia hayo, wageni hupiga vigelegele kwa lugha yao, na ngoma yaendelea.

VI. Na sisi je?

Hatusemi kwamba Wakristo wetu waandike ketuba. Kila watu wana sheria zao. Lakini mahari ni ndugu wa mohari, kwa hiyo twaweza kuulizwa swali lile lile: Mali hii yamlinda nani? Kwa jirani zetu Waislamu wa pwani, sheria yasema mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Katika nyumba zetu nyingi za bara, mali huenda kwa wazee wa mke, nao wazee wenye busara walijua kwamba kwa kuipokea wamejitwika ulinzi wa binti yao. Neno hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Ng'ombe huhesabiwa kwa makini, mizigo ya ndizi na pombe haikosi hata mmoja. Lakini siku mume afapo, tumewaona wajane wakitoka na watoto na chungu kimoja, na mahari imekwisha kuliwa miaka mingi, wala hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa kwa ajili yao. Mara nyingi marehemu alikuwa Mkristo mzuri. Alimpenda mkewe, ila hakuandika.

Kwa hiyo twawaomba waalimu: Mnapowafundisha wachumba, msiishie kwenye mahari imelipwa ngapi. Mwulizeni kijana, siku wewe hupo, mke wako atalala wapi, na atakula katika shamba lipi? Na mashahidi wa neno hilo ni nani? Mwulizeni hayo mbele ya baba yake na ndugu zake, angali na furaha, maana baadaye ni vigumu. Na ninyi mliooa zamani, msidhani saa imepita. Wosia waandikwa hata na mzee, nayo karatasi ikiandikwa leo ni halali kama ya jana.

Mnapokutana katika mazungumzo ya jioni, someni Ruthu sura ya nne na Mathayo sura ya kwanza, kisha mzungumze maswali haya:

1. Katika usharika wetu, mjane wa mwisho aliyefiwa alikaa wapi mwaka wake wa kwanza, na ni nani aliyeamua?

2. Shimon ben Shetach aliihamisha fedha pasipo kuiongeza. Je, katika desturi zetu za mahari liko jambo ambalo lingefaa kuhamishwa tu, lisiongezwe wala kupunguzwa?

3. Mume asemaye kwamba mkewe ajua moyo wake, na hii yatosha, tumjibuje kwa upole?

Bwana awabariki katika nyumba zenu, wakubwa kwa wadogo.